Mkono wa Mama wa Kijitoni

Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, sijaonja hata tone la pombe.

Nimezunguka sana: Kitwe, Ndola, Mbeya, na sasa Tunduma, ninakoendesha gari la kukodi. Masika yaliyopita binti mmoja mtafiti, Tumaini, alinikodi nimpeleke Iyula. Nilikubali haraka. Huko ndiko bibi yangu alikonilea, na kijito alichokitaja niliogelea humo utotoni.

Kazi yake ilikuwa vyura. Ndiyo, vyura! Alisema ute wa ngozi zao unaweza kutoa dawa mpya, hata ya yale maumivu yasiyosikia vidonge. Unamshika chura, unampangusa mgongo kwa kijiti chenye pamba, kijiti unakitia kwenye kichupa, chura unamrudisha palepale. Kila chura na glovu mpya.

"Kaka, usimguse hata mmoja kwa mkono mtupu," alinionya. "Wengine ute wao ni sumu. Utapoteza mkono."

"Mimi nimewashika tangu mtoto."

"Na mimi nimesoma tangu mtoto. Vaa glovu."

Magharibi ilipoingia, ukungu ukashuka. Tumaini alikuwa juu kidogo ya kijito, nikiona taa yake tu. Ghafla vyura wote wakanyamaza. Umewahi kusikia bonde zima la vyura likinyamaza kwa mara moja? Nilisikia moyo wangu mwenyewe.

Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yangu, maji yakimfika magotini, kitenge kimemganda mwilini. Mtu mzima, rika la mama yangu. Akanisalimia kwa Kinyiha, lugha ya bibi yangu, nikaitika. Akanyoosha mkono.

Kwetu mama kama huyo akikunyooshea mkono, unainama kidogo, unampa wako. Nikampa, ukiwa bado na glovu.

Akautazama. "Mwanangu, wadogo mnawapangusa migongo, mimi mkubwa unanisalimia kwa mfuko wa nailoni? Nina ukoma?"

Niliona aibu, niamini. Onyo la Tumaini nilikuwa nalo kichwani, lakini yeye alisema vyura, hakusema mama za watu. Nikavua glovu.

Mkono wake ulikuwa wa baridi, tena unateleza. Nikauvuta wangu, hautoki. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimetanuka, duara kama vifungo, zimenata kwenye ngozi yangu. Nikamtazama kooni: linatuna na kunywea, linatuna na kunywea, ilhali mdomo kaufumba. Nikamwita Tumaini kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Taa ikageuka. Nikasikia kitu kizito kikitumbukia majini, na vyura wakaanza upya.

Tumaini hakuona mtu. Aliona kiganja changu kinang'aa kwa ute, akakipangusa kwa kijiti, kijiti akakitia kwenye kichupa.

Baadaye sana alinipigia simu. "Kaka, ule ute simjui chura wake. Wenzangu nao hawamjui. Huenda ndiyo dawa yenyewe. Nipeleke tena, unionyeshe ulipokuwa umesimama."

Nilikataa. Nawafikiria wagonjwa wanaolia wodini, na bado nimekataa. Wewe ungeenda?

Mkono huu wa kulia haujahisi kitu tangu jioni ile. Niliwahi kushika sufuria jikoni, nikajua kwa harufu kwamba nimeungua. Hapa Tunduma, tukipita katikati ya malori, binti yangu mdogo hupenda kuushika mkono huo, nami lazima niangalie chini kila mara kujua kama bado yupo.

Basi ukifika mabondeni kule wakati wa magharibi, vyura wakanyamaza, na mama wa watu akakunyooshea mkono, mwitikie kwa mdomo tu. Atakuambia hukulelewa. Kubali hukulelewa, uondoke.