Benchi la Mlango wa Pembeni

Tak.

Ndivyo kilivyolia kibati cha namba kilipotua juu ya ubao wa dirisha, na mtoto aliyekuwa akiketi sakafuni chini ya dirisha lile, leo mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, bado anakisikia. Mama yake alikuwa mgawa namba wa zahanati. Kila asubuhi alifungua kidirisha, akapanga vibati vyake, moja mpaka mia, kila kimoja kimetobolewa tundu na kupakwa rangi nyekundu, kisha akaanza. Tak, kumi na moja. Tak, kumi na mbili. Watu walimwita Mama Namba, na jina hilo likamganda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Siku moja kaka yake mwenyewe, mtu wa koti na viatu vya kung'aa, alijipenyeza mpaka mbele.

"Dada, mimi nina haraka kidogo."

"Haraka yako itie mfukoni, kaka," mama akasema bila kuinua uso. "Namba yako sitini na tatu. Foleni ni foleni."

Watu waliangua kicheko. Mtoto naye akacheka kule chini, akijaa fahari mpaka masikioni. Hakuona nyuso za watu wala mlango. Alisikia vibati, na maneno yale matatu yakamwingia yasimtoke.

Alikua akawa mtengeneza programu. Hakuwa wa zile programu ambazo watu huziona na kuzisifu rangi. Kazi yake ilikuwa uani, penye masufuria. Kampuni yao ilikuwa ya watu sita, ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi za nyumba ambalo harufu yake ilipanda ngazi pamoja nao. Walituma ujumbe wa simu kwa niaba ya wengine: shule, idara ya maji, duka kubwa la vitambaa, hospitali kuu. Mitambo yote hiyo aliiandika yeye, kwa lugha ya programu iitwayo Elixir.

Aliipenda lugha ile kwa sababu ilifanana na watu. Ndani yake unaweza kuzaa vijiprogramu maelfu kwa wakati mmoja, yeye akiviita vibarua, kila mmoja na shughuli yake, hakuna anayetia mkono kwenye chungu cha mwenzake. Wakitaka kuambiana jambo, hutumiana ujumbe. Akianguka mmoja, yupo msimamizi aliyewekwa kwa ajili hiyo tu: humwinua, au huweka mwingine mahali pake, na kazi inaendelea kana kwamba hapakutokea kitu. "Acha ianguke," walikuwa wakisema pale ofisini, kwa utani na kwa imani. Chai ikimwagika, acha ianguke. Kiti kikivunjika na mtu wake, acha ianguke, msimamizi yuko wapi?

Lakini lango la kampuni ya simu lilikuwa jembamba. Ukilisukumia ujumbe elfu kwa mpigo, lilipaliwa na kukataa wote. Kwa hiyo aliweka vibarua kumi tu wa kutuma, na nyuma yao foleni moja. Kila kazi iliandikwa kwenye jedwali, ikasubiri zamu yake. Nyingine zilipangiwa saa maalumu, zikajiamsha zenyewe bila kuguswa na mtu. Tangazo la duka la vitambaa, kwa mfano, liliamka kila Jumatatu saa nne asubuhi. Iliyoshindwa ilijaribiwa tena baada ya muda, na tena, mpaka mara ishirini.

Binti wa meza ya pili, ambaye kazi yake ilikuwa kujaribu mitambo kabla haijawafikia wateja, aliwahi kumuuliza. "Kaka, hivi kwa nini foleni moja? Si tutenge mbili, hata tatu?"

"Ukitenga, kila mteja atasema yake ndiyo ya haraka. Foleni ni foleni."

"Haya, mtoto wa Mama Namba."

Alitabasamu. Lilikuwa tusi tamu.

Mama naye alikuwa amekwisha kustaafu, na macho yalikuwa yakimpungia mkono wa kwaheri. Presha ya macho, daktari alisema. La kulia lilizimika bila maumivu, kidogo kidogo, kama mtu anayeondoka mkutanoni kwa adabu. La kushoto lilibaki na tundu la mwanga. Aliona dunia kama anachungulia kwenye mrija. Upasuaji usingerudisha lililopotea, ila ungelishika lililobaki. Wanaosubiri walikuwa wengi. Mgonjwa mmoja akiahirisha, hospitali ilimtumia ujumbe anayefuata, na huyo alipaswa kujibu NDIYO kabla ya saa iliyotajwa, la sivyo nafasi ilikwenda kwa mwingine.

"Ujumbe wangu utaletwa na vibarua wa mwanangu," mama alimtambia jirani yake.

"Basi waambie vibarua wapite na kwangu, wanisaidie kupiga pasi," jirani akajibu.

Jirani huyo alikuwa mshonaji. Walikuwa wametenganishwa na ukuta mmoja kwa miaka ishirini na minane, wakigombana Jumanne na kupatana Jumatano. Mama alipoacha kuona herufi, walipeana masharti: simu ikilia mlio wa ujumbe, mama agonge ukuta kwa kijiko, mshonaji asimamishe cherehani, aje amsomee.

Jumatatu moja, kama saa nne na dakika chache, simu ya mama ililia. Aligonga ukuta. Cherehani haikuwa ikisikika. Mshonaji alikuwa amekwenda kununua uzi. Aliporudi, karibu saa sita, akaingia akihema, akaichukua simu.

"Tangazo tu, jirani. Duka la vitambaa. Wana pamba mpya."

Saa saba na dakika kumi simu ikalia tena. Mshonaji akaja, akasoma. Nafasi ya upasuaji imepatikana. Njoo kesho asubuhi. Jibu NDIYO kabla ya saa sita mchana wa leo.

Wakajibu NDIYO. Jibu likarudi: samahani, nafasi imeshachukuliwa.

"Ujumbe huo ulikuwemo tangu asubuhi," mama akasema.

"Umeingia sasa hivi, haki ya Mungu. Saa yenyewe hii hapa, saa saba na kumi."

"Nani atanisomea hiyo saa? Wewe? Hospitali haitumi saa saba ujumbe wa saa sita. Na anayetuma ni mwanangu, mwanangu hachelewi." Alinyoosha mkono, akaitaka simu yake. "Umeona vitambaa, hukuona jicho langu."

Tangu siku hiyo kijiko hakikugonga ukuta.

Mwana alipigiwa simu jioni ile, akasimuliwa. Kesho yake aliwahi ofisini kabla ya wote, akafungua jedwali, akatafuta namba ya mama yake. Mstari wenyewe ulikuwa mmoja, mfupi. Umeingia foleni saa nne na dakika saba. Umetumwa saa saba na dakika kumi. Majaribio: moja. Hali: imekamilika.

Alipiga hesabu ingawa hakuihitaji. Saa nne kamili lilikuwa limeamka tangazo la vitambaa, watu elfu thelathini na nane, mama yake akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Vibarua kumi, kila mmoja akingoja lango la simu sekunde tatu kwa kila ujumbe. Ujumbe wa jicho ulikuja dakika saba baadaye, ukakaa nyuma ya pamba mpya, ukangoja kwa adabu.

Kilichomuuma ni kwamba jedwali zima halikuwa na alama hata moja nyekundu. Hakuna kilichoanguka. Alijenga mtambo mzima wa kuwainua walioanguka, na msimamizi wake hakuwa na habari kabisa na aliyesimama wima, kimya, huku wakati wake ukimwishia.

Alipiga simu hospitali. Karani akamwambia kitanda kimekwisha kupata mtu. Basi akakaa, akafungua foleni ya pili, akaiita dharura, akaipa vibarua wake watatu wasioguswa na tangazo lolote. Ilimchukua chini ya saa moja. Mistari minne ya maandishi. Kwenye maelezo ya badiliko aliandika: kuboresha kasi.

Binti wa meza ya pili aliyaona.

"Kumbe! Foleni si foleni tena?"

Akaufunga ukurasa ule, na yule binti, aliyekuwa amejiandaa kucheka, akageukia kioo chake.

Zikapita wiki tisa. Kila Jumapili alikwenda kwa mama, na kila Jumapili mshonaji alimvizia kwenye kibaraza, sindano zimechomekwa kifuani mwa blauzi.

"Baba, wewe si ndiye mwenye mitambo? Itakuwa imeandika. Mimi niliiona saa kwa macho yangu. Mwambie mama yako."

"Nitaangalia, mama."

"Uliniambia hivyo wiki iliyopita."

"Nitaangalia."

Alikuwa amekwisha kuangalia. Alichokuwa akikitafuta sasa ni namna ya kulisema ambayo ingemwacha bado ni mwana asiyechelewa, na namna hiyo haikuwepo. Jioni alijiambia kwamba jicho likipona, atasema wakicheka.

Nafasi nyingine ilipopatikana, ujumbe ulifika kwa sekunde nne. Alimpeleka mama mwenyewe, akimshika kiwiko kwenye ngazi za hospitali. Daktari alimulika, akarudia kumulika, akazima kurunzi yake. Mshipa umekufa, alisema. Miezi miwili iliyopita tungekuwa na kitu cha kuokoa. Mama alishukuru, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akauliza mlango uko upande gani.

Jumapili iliyofuata alimkuta kitandani, amekaa wima, mapajani ana kibati. Alikuwa amebaki nacho kimoja siku ya kustaafu, na sasa alikipapasa kwa kidole gumba, akiitafuta namba kwa tundu na mikwaruzo.

"Arobaini," alisema. "Sijasahau."

Mwana aliketi sakafuni, kama zamani. Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa ikienda.

"Mama, ulikuwa humpitishi mtu yeyote. Hata mjomba."

"Mjomba wako alikuwa na mafua!" Akacheka, kicheko kilichomshangaza mwenyewe. "Nani kakwambia nilikuwa sipitishi mtu? Na benchi je?"

"Benchi gani?"

"La mlango wa pembeni. Mama mwenye uchungu wa kuzaa nimpe namba sabini? Mtoto anayekosa pumzi? Hao sikuwapa kibati. Niliwaonyesha kidole tu, pale, na nesi alijua. Wenye vibati walinung'unika, nikawaambia namba ni ya anayeweza kungoja." Akageuza uso kuelekea alikodhani yupo, akakosea kidogo. "Miaka yote ile hukuliona benchi?"

"Nilikuwa chini ya dirisha, mama."

"Eeh, kweli. Ulikuwa unasikia vibati tu. Kidole hakina mlio."

Akakilaza kibati kwenye shuka. Kwa muda walisikiliza cherehani ikipanda mshono mrefu, ikasita, ikarudi.

"Msikie," mama akasema, uso umekunjamana. "Anashona. Macho anayo. Nikifa, mwanangu, huyo asinikaribie."

Mwana alipapasa sakafu kama anayetafuta kitu kilichomdondoka. Kisha akaushika mkono wa mama yake, ule uliokuwa ukigawa namba, akausogeza uso wake karibu, na akasema kwa sauti ndogo ambayo cherehani nusura iimeze:

"Alikusomea ujumbe ulipoingia, mama. Aliyekuchelewesha ni mimi."