Jumamosi Aliyonyimwa Sista

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mchana, kwa sakafu ya chumba chetu mtaani Kiandutu, na hakulia. Uchungu ulikuja kwa haraka, hata mlango sikufika. Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja. Namba ya kazi ya mkunga wetu ililia mpaka ikakatika, nikapiga tena, na tena. Jirani aliyekuja mbio ni muuza mboga, hajui kuzalisha. Alimfunga mtoto kwa leso yake. Mimi nilipona. Mtoto hakupona.

Mkunga huyo tulimwita sista. Wawili wangu wa kwanza alinizalisha yeye. Alikuwa anapita kwa vichochoro na viatu vya mpira, anabisha na kidole kimoja. "Mama, umekunywa uji, ama ni chai ya rangi tena?" Ukisema uji, anaenda kufunua sufuria. Wakati wa kusukuma ananishika mgongo, "Sukuma kama mtu wa mkokoteni, mama. Hivyo ni kama unabisha kwa pasta." Nilikuwa nacheka nikilia. Mpaka leo nikisikia viatu kwa matope, moyo unafika mlangoni kabla yangu.

Alikuwa na msichana shule ya bweni. Siku ya kutembelewa, wazazi huenda na chapati na kuku, na mtoto ambaye hajaendewa hukaa kwa nyasi akiangalia wenzake wakila. Uchungu wa mtoto wangu wa pili ulikuja siku hiyo ya kutembelewa, sista ameshavaa rinda la kutoka, kikapu mkononi, anaelekea steji ya matatu. Nilimpigia. Akarudi. Jioni, nikiwa nimejifungua salama, alifungua kile kikapu. "Kula, mama. Hizi haziwezi kulala." Nilikula chapati nne za mtoto wa mwenyewe. Kwa hivyo kwa lawama mimi pia nimo, sijifichi.

Lakini mimi nilikuwa na uchungu. Msimamizi wa kliniki alikofanya kazi sista alikuwa na kalamu. Sista aliomba Jumamosi moja kila muhula, ile ya kutembelea msichana wake, na mtu wa kumshikia simu. Akajibiwa mbele yetu tukiwa kwa benchi, "Watoto hawazaliwi kwa ratiba yako." Mara tatu. Ya nne hakuomba, aliandika barua ya kuacha kazi. Afisa wa kaunti wa mambo ya afya hakuleta mkunga mwingine, na ile simu ikatupwa kwa droo ya msimamizi. Huko ndiko ilikuwa inalia siku yangu. Hakuna mtu alituambia sista ameenda.

Baada ya kuzika nilimfuata Ruiru, kwa duka la dawa anakouza pampasi. Jumamosi na Jumapili anakaa kwake. Alinitazama tumbo, halafu uso. Alitoka nyuma ya kaunta akanishika mgongo.

"Rudi, sista," nikamwambia.

"Msichana wangu siku hizi ananiambia mambo yake, mama. Sirudi."

Sikumkasirikia. Nilisimama tu hapo, sitaki atoe mkono.

Nimeenda kwa msimamizi mara mbili. Anasema niandike malalamiko, na anajua niliachia shule darasa la nne. Haya, nimeandika. Wewe msimamizi, na wewe afisa wa kaunti, Jumamosi moja kwa muhula iliwashinda wapi? Njooni mnijibu hapa kwangu, mkinitazama machoni.