Mfuko wa Kushoto

Mtu mwenye mikono miwili anafungaje kamba za kiatu kwa mmoja? Hilo ndilo lililomkera msusi wa vikapu kila asubuhi, mtembeza wageni alipopita kibandani kwake ukingoni mwa msitu. "Habari za kazi, shemeji?" alikuwa akisema, sauti laini kama ya mwomba kura, akiinama kufunga kamba kwa mkono wa kulia, wa kushoto umezama mfukoni. Huyu ndiye aliyeandika kibao cha "Usiwalishe kima". Ndiye aliyemkataza msusi kuwatupia mawe walipomaliza mahindi yake mpaka mabua. "Hawa ndio riziki yetu, shemeji." Ni kweli, wageni waliowaona kima ndio walionunua vikapu; siku msitu uliponyamaza, hakuna aliyesimama hata kuuliza bei. Lakini tangu lini kima wa mwituni akaripoti saa tatu kamili kama karani?

Leo kima mmoja mkubwa aliwapita wageni wote, akaketi miguuni pa mtembeza na kunyoosha kiganja. Wageni wakashangilia na kupiga picha.

"Wamenizoea tu," mtembeza akacheka.

"Mazoea yana taabu," msusi akamjibu chinichini. "Hebu nione mfukoni, shemeji."

Mtembeza hakusita. Akaupindua nje mfuko wa kulia, ukaning'inia mtupu kama sikio la mbuzi. "Umeona?"

Msusi aliona. Kima hakuugeukia mfuko ule hata mara moja. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye ule wa kushoto.