Mbao Mbichi za Kitanda cha Mama

Juzi nilipita Suneka, baada ya miaka mingi ya kuzurura, nikasimama kwenye duka la mbao. Kijana mwenye duka alinionyesha ubao uliopakwa rangi ya kahawia, akasema ni mvule. Niliuinua kwa mkono mmoja kama karatasi; mvule hauwi mwepesi hivyo. Sikubishana naye. Aliyejua kubishana kuhusu mvule alikuwa baba, naye hayupo.

Baba alikuwa seremala, miaka ile ya mwanzo wa uhuru. Aliniambia mvule ukipasuliwa huwa wa manjano, kisha hukolea mwaka hata mwaka mpaka ukafanana na chai ya rangi. Mchwa hawaugusi. Vumbi lake huwasha pua siku nzima. Wakati mwingine ndani ya gogo hukaa jiwe, na msumeno ukikutana nalo meno yanakwisha. Mimi niliyeacha shule mapema kwa kutotulia nilimuuliza jiwe huingiaje humo. Akasema mti nao humeza mambo yake.

Mvule wa mwisho shambani kwetu baba aliukata na kuupasua mbao za kitanda cha mama. Siku zote mama alilala chini, juu ya ngozi ya ng'ombe, huku baba akiwatengenezea watu wengine vitanda. Baba alizipanga mbao kivulini na kutenganisha kila ubao kwa vijiti, akapaka ncha zake samadi zisipasuke. Zisiguswe, alisema, mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Lakini mama alikuwa akikohoa. Baridi ya sakafu ilikuwa imemwingia kifuani, na nilimtazama nikaona hana misimu miwili.

Baba alipokwenda Itumbe kujenga kwa miezi kadhaa, nilizipandisha mbao zile darini jikoni, juu ya moshi, pale tulipokaushia mahindi na wimbi. Kinachokausha nafaka, niliwaza, kitakausha mbao. Mama mwenyewe aliongeza kuni, akicheka kwamba hata wimbi lake halijawahi kutunzwa hivyo. Nikapiga randa, nikaunganisha. Kitanda kikasimama. Mama alikipapasa kama anayepapasa ndama mgeni.

Kiangazi kilipokolea, kitanda kilianza kulia. Mbao zilijipinda, viungo vikaachana, mguu mmoja ukaning'inia. Jirani alichungulia mlangoni, akaniuliza, "Fundi, hiki ni kitanda au daraja la mto Gucha?"

Baba aliporudi hakucheka wala hakunipiga. Alipitisha kidole kwenye ufa.

"Umekausha ngozi tu," akasema. "Ndani bado mbichi."

Alitaka kukivunja aokoe mbao zilizobaki. Mama akakaa ukingoni.

"Kiache, baba watoto. Huyu aliona ninaumia."

Akakifunga kwa kamba ya katani, akawa analala amejikunja upande mmoja. Msimu wa pili wa mvua haukumkuta.

Baba hakugusa mvule tena. Mimi niliondoka, nikafanya kazi za kila aina, na kila nilikofika niliuliza habari za mbao. Nyumbani sasa ni mikaratusi mitupu, inakatwa ikiwa ingali michanga, wala hakuna anayesubiri chochote kikauke. Husemwa kwamba miaka humfunza mtu. Mimi imenifunza hili tu: baba alikuwa sahihi kuhusu mti, nami nilikuwa sahihi kuhusu mama, na hakuna kati yetu aliyemlaza vizuri hata usiku mmoja.