Picha Nzito za Jirani Yangu

Mwaka ule wa ugali wa njano, unga wa msaada ulionuka gunia hata ukiula kwa maziwa, ndipo nilipomjua mchoraji tuliyemzika juzi hapa Shinyanga. Msibani wamemsifu hadi nikainamisha uso. Eti fundi asiye na mfano. Mungu amrehemu, lakini nilikaa naye ua mmoja, na kibarua changu kilikuwa kuziba nyufa za picha zake. Sikukosa kazi.

Brashi hakuitaka. Alichanganya rangi ya maji na gundi, akamwaga juu ya ubao, akauinamisha huku na huku mpaka rangi zikatambaliana. Ukimwaga nyembamba, ukaulaza ubao sawasawa kivulini, rangi inakauka taratibu wala haipasuki. Hilo alilijua kuliko mimi. Kisha wakaanza kuja wanunuzi wa machimbo ya Geita, watu wa kupima kila kitu kwa mkono. Mmoja aliinua picha, akaipandisha na kuishusha kama anakadiria dhahabu. "Nyepesi hii, fundi. Unaniuzia upepo?" Na mtu mzima yule, badala ya kumcheka, akaanza kumwaga rangi nzito kama uji wa ulezi, akaanika mbao juu ya bati la moto ziwahi kukauka. Juu pakakaza ngozi, chini bado majimaji. Picha zikachanika kama tope la mbuga wakati wa kiangazi.

Nawaona wengi wa namna hiyo hata leo. Wanajenga haraka, wanaoa haraka, wanapaka rangi juu ya ufa na kualika watu waje kushangilia ukuta. Mjukuu wangu naye anamwaga rangi, nyembamba, na anajua kusubiri. Namtangaza kila ninapokaa, anayeudhika na audhike. Fundi akikubali kufundishwa kazi na mnunuzi, hana kazi tena, ana utumwa.

Siku moja yule wa Geita alifuata picha ya sebule ya mke mpya, na ufa umepita katikati. Fundi akanijia jikoni, akanong'ona, "Dada, pitisha rangi juu tu. Akifika kwao Katoro nani atamuuliza?" Nikabonyeza rangi, kidole kikazama. Ufa hujazwa rangi ikishakauka mpaka chini, kidogo kidogo, la sivyo kwangua yote uanze upya. Ukiziba kabla, kiraka nacho kinapasuka. Na mji mzima ulijua viraka vile ni mkono wangu. Kwa jina hilo wanangu walikula.

"Sizibi rangi mbichi," nikasema, kwa sauti.

Mnunuzi akachungulia mlangoni. "Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, "we ziba tu. Harusi ni kesho, na uzito wake nimeupenda."

"Umesikia?" fundi akasema. "Mwenye mali karidhika. Wewe unaringia nini?"

"Sizibi rangi mbichi."