Heri Yusta Afe Kwenye Tamthilia

"Kamwene, Mama Yusta. Nasikia mwanao wanamuua wiki hii."

Maneno hayo ya Mwanakhamisi, muuza vitenge wa sokoni Iringa, yalinikaa kifuani siku kadhaa. Ni kwenye tamthilia, ndiyo, ambako mwanangu Yusta anaigiza nesi Goodness. Lakini uvumi ulisema watamlaza kwenye jeneza. Mtoto aliye hai!

Siku ya kurekodi ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi, Yusta amekaa kwenye kiti cha plastiki, anapakwa poda usoni afanane na maiti. Baridi inauma. Nyuma yake fundi anapigilia misumari kwenye jeneza. Mimi nipo mlangoni na chupa ya chai.

"Utalala humo kweli, mwanangu?"

"Mama, ni mbao tu."

Moyo ukanishinda. Nikamfuata Philbert, mwenye tamthilia. "Baba, nakuomba, usimuue."

Akacheka. "Basi mama, hafi. Tutamsafirisha Makongolosi kwa mchumba wake mchimba dhahabu. Tukimhitaji atarudi."

Nikapiga vigelegele. Yusta aliposikia, machozi yakaharibu poda yote.

"Mama, umenifunga!"

Ndipo akanieleza mkataba wake. Analipwa elfu arobaini kwa kila siku anayorekodi. Na nesi Goodness akiwa bado hai kwenye hadithi, Yusta haruhusiwi kuigiza kwingine. Akifa, mkataba umekwisha. Akisafirishwa, halipwi na wala hatoki.

"Mwigizaji mwenzangu Faustina, kwenye hadithi walimpeleka masomoni India," akasema. "Mwaka wa pili huu hajarudi. Yupo hapo Kihesa anauza maparachichi."

Na Mbeya kulikuwa na tamthilia nyingine inamtaka, jibu litolewe Jumatatu.

Nikarudi kwa Philbert mbio, kitenge kinadondoka.

"Baba, muue tu!"

Watu wote wakaangua kicheko. "Mama, si sasa hivi ulinililia hapa?"

"Nimesema muue. Ila jenezani asilale."

Akajikuna kichwa, kisha akakubali. Nesi Goodness alikufa kwa simu tu: ikaletwa habari kwamba gari lake limepinduka njiani. Wenzake walilia mbele ya picha yake, Yusta mwenyewe yuko nyuma ya kamera anakula muhogo. Jioni Philbert akamwandikia kwamba yuko huru. Usiku huo nililala kama mtoto mchanga.

Sasa Yusta yuko Mbeya, anaigiza mwenye duka la mbolea. Safari hii amedai iandikwe kwamba akikaa miezi miwili bila kuitwa, anaruhusiwa kuondoka.

"Nataka baadaye niwe na kikundi changu," anasema. "Msanii wangu sitamsafirisha bila kumlipa."

Kina mama wenzangu, mjihadhari:

Mtoto asitie saini kabla hajauliza, nikiondolewa kwenye hadithi naruhusiwa kufanya kazi kwingine?

Asikubali "utarudi" isiyo na tarehe.

Ahadi ya mdomo msiipigie vigelegele.

Na usiende kumwombea mwanao kabla hujamuuliza anataka nini.