Kila Mtu na Keki Yake

Keki ndogo za bekari hazina thamani ya pesa yake. Nianze na hilo, maana nimeshazinunua na nimeshazila, na sitaki mtu adhani nitamaliza kwa kuzisifu. Ukivua kile kikombe cha karatasi na kupangusa krimu ya juu, unabaki na kipande kikavu kinachojaa kiganja cha mtoto. Kwa bei ya kimoja ningenunua unga wa kutulisha mimi na binti yangu siku nzima. Krimu yenyewe ni mafuta na sukari. Mwezi wa saba, upepo unapopiga Ufipa nzima na watu wanakwenda shamba wamevaa makoti, krimu hiyo inakakamaa kama mafuta ya ng'ombe kwenye mchuzi uliolala. Unaing'ata, inabaki kwenye meno, na unaambiwa hiyo ndiyo ladha ya kisasa.

Mimi ninaendesha mashine ya kusaga hapa Milanzi na elimu yangu ni ya darasa la saba. Sina utaalamu wa keki. Nina ulimi tu, kama watu wengine.

Binti yangu alizaliwa mwezi huohuo wa baridi. Mama yake alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua, tukamzika kijijini, upande wa Chala. Watu wakinisikia nazisema vibaya keki za kununua, wanasubiri niseme kwamba marehemu alikuwa akioka mwenyewe, kwa mikono yake, kwa upendo. Hakuoka. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mtoto, alinunua mkate wa kukatwa na soda moja kubwa, tukala watatu, tukalala. Akiona jirani ametundika maputo uani alikuwa akiniuliza, "Kuna harusi?" na anajua kabisa kwamba ni mtoto anatimiza mwaka mmoja, hata kutembea bado. Tulikuwa tunazidharau sherehe za watu tukiwa wawili. Sasa nazidharau peke yangu, na inachosha.

Nieleze kidogo sherehe hizo zilivyo. Keki haikatwi tu ikaliwa. Mtoto anashikishwa kisu, watu wanaimba, kisha anachoma kipande kwa kijiti cha meno na kuanza kulisha watu mmoja mmoja mbele ya macho ya wote. Anaanza na mama mzazi. Kuna mtu ameshika kipaza sauti, hata kama uani mko wachache kiasi kwamba mtu akikohoa wote wanasikia, na anaita: "Mama mzazi yuko wapiii? Apite mbele! Apite kwa madaha!" Mama anakuja akicheza, anapanua mdomo, simu zinanyanyuliwa. Anafuata baba, bibi, mashangazi, mwenye nyumba, na yeyote aliyeleta zawadi ya kuonekana. Mtoto mwenyewe anakula mwisho, akiwa amechoka na mafua yanamtoka.

Mwaka jana, mara ya kwanza tangu msiba, dada yangu alisema mtoto asikae kinyonge, afanyiwe sherehe. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi na ana duka la vitenge mjini. Ni mkarimu, ila ukarimu wake lazima usikike mpaka mtaa wa pili. Alileta keki ya ghorofa mbili, maputo, na kijana wa kipaza sauti aliyemkodi. Huyo kijana hakuijua nyumba yetu. Keki ilipokatwa akaita kama anavyoita kila mahali: "Mama mzaziii!"

Kuku tu ndio walioendelea na mambo yao. Dada yangu akaona aokoe jahazi, akafunga kitenge vizuri, akapita mbele akicheza. "Mama si huyu hapa! Mama ndiyo mimi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba kreti ya soda. Mwanangu alisimama na kijiti chake hewani, keki imechomwa kwenye ncha. Hakulia. Alimtazama shangazi yake, akamlisha, kisha akawalisha waliofuata kwa mpangilio, uso umekauka, kama muuguzi anayegawa dawa wodini. Picha ile wanayo ndugu zangu wote kwenye simu zao. Wameiandikia maneno ya kumshukuru Mungu.

Sasa mwaka huu, kabla hata ya mavuno kuisha, akaniambia, "Baba, bethdei yangu nataka kapkeki."

"Ndiyo nini hizo?"

"Keki ndogondogo za kwenye vikombe vya karatasi. Zipo bekari, pale mjini."

Nilikwenda kuziuliza bei nikiwa nimetoka mashineni, unga mpaka kwenye kope. Binti wa kaunta alinitazama kama mtu aliyepotea njia, lakini alikuwa na adabu.

"Shikamoo baba. Karibu. Unapenda ladha gani? Kuna vanila, kuna chokoleti, kuna redi velveti."

"Hiyo ya mwisho ni nini?"

"Ni nyekundu."

"Nyekundu naiona. Ina ladha gani?"

Akafikiri. "Ina ladha ya redi velveti, baba."

Nikauliza bei. Akaitaja bila kupepesa macho. Nikauliza bila krimu ni kiasi gani, akacheka na kufunika mdomo. "Bila krimu siyo kapkeki, baba. Hiyo ni keki ya chai."

"Na hiyo keki ya chai bei yake?"

"Hiyo hatuuzi. Labda uulize kwa wale wanaokaanga maandazi stendi."

Kwa hiyo ile krimu ndiyo niliyokuwa nauziwa. Keki yenyewe ni kigoda cha kukalia krimu. Pembeni palikuwa na keki moja kubwa, ya kutosha mtaa, na bei yake haikufika nusu ya zile ndogo kwa idadi ya watu niliokuwa nao kichwani. Nikarudi nyumbani nimeshaamua.

Binti yangu alikuwa amekaa jikoni na ungo, anachambua maharage. Nikamwambia nimeziona hizo keki zake na ni wizi wa mchana. Nitanunua kubwa moja, watu watakula na kusaza.

"Sitaki kubwa," akasema.

"Ndogo uliziona kwa nani?"

"Kwa yule wa nyumba ya geti."

"Yule baba yake ana malori. Mimi nina malori?"

"Basi nisifanyiwe."

Hapo nikapandisha sauti. Nilimwambia ameanza majivuno ya mjini, kwamba keki ni keki, kwamba watoto wenzake kule Mwimbi kwa bibi yake wanakula viazi na kushukuru. Nilisema mengi. Yeye aliendelea kuchagua mawe na kuyatupa mlangoni, hata kichwa hakuinua. Nilipomaliza akasema, polepole, kama anamfafanulia mtoto mdogo zaidi yake:

"Kapkeki hazilishwi, baba. Kila mtu anachukua yake anakula. Hawaiti mtu mbele."

Nilikaa kwenye kigoda.

"Kwa yule wa geti hawakuita mtu?"

"Hawakuita. Nilikaa mpaka mwisho nione."

Wenzake walikwenda kwenye ile sherehe kula na kuruka. Wangu alikwenda kuchunguza kama kuna namna ya kuzaliwa bila kuitiwa mama asiyekuwepo. Akaipata, akaileta nyumbani, na mimi nikaiita majivuno.

Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi mpaka masikio yakauma, kisha nikarudi. "Unataka za rangi gani?"

"Yoyote. Ila zisizidi, baba. Zikibaki, shangazi atachukua moja aseme nimlishe."

Nilizilipia. Sikufurahi kuzilipia na sitasema nilifurahi. Nilimpigia simu dada nikamwambia mwaka huu hakuna keki kubwa, hakuna kipaza sauti, watoto watakuja baada ya Misa, watakula, watacheza, wataondoka. Akaguna. "Haya, mdogo wangu. Nyumba ni yako."

Jumapili watoto walikuja, na mama zao wachache, wamejifunika khanga mpaka puani kwa ajili ya upepo. Nilikuwa nazitoa keki kwenye boksi na kuzipanga kwenye sinia niliposikia bajaji inasimama. Dada yangu alikuwa anashuka kinyumenyume, taratibu, kama anayeshusha mgonjwa. Mikononi alikuwa amebeba boksi kubwa jeupe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Usininunie, ni zawadi! Mtoto wa mdogo wangu atakata vibisikuti kama yatima mbele za watu? Pisha nipite. Meza iko wapi?"

Alilitamka hilo neno, yatima, mlangoni kwangu, kwa sauti yake ya dukani. Niligeuka nikamwona mwanangu. Alikuwa amesimama katikati ya wenzake, na alikuwa anatazama boksi. Uso ulikuwa umeanza kukauka, uleule wa mwaka jana.

Kumkatalia dada mkubwa zawadi mbele za watu ni kumvua nguo, na mimi sijawahi kumjibu tangu nikiwa mdogo. Nikanyoosha mikono. "Asante sana, dada. Nipe nikusaidie, ni nzito." Akanipa akitabasamu. Sikwenda mezani. Nilizunguka nyumba, nikaingia jikoni, nikafungua boksi na kuchukua kisu cha kukatia nyama. Keki ilikuwa imeandikwa jina la mtoto kwa krimu ya waridi. Nikaanza kukata. Kuna mtu anakata keki vizuri; mimi sikukata vizuri. Nilikata kama mtu anayegawa mafungu ya nyama buchani, na ghorofa ya juu ikaporomokea kwenye beseni.

Dada akaingia akifuata. "Unafanya nini? Kaka! Keki imekatwa bila kuimbiwa? Bila hata picha?"

"Funga mlango, dada."

"Sifungi! Umenidhalilisha! Pesa yangu yote ile!"

"Funga. Mtoto hataki kulisha."

"Nani kasema?"

"Yeye. Akishika kijiti anaitiwa mama yake, na mama yake hayupo. Hizo ndogo amezichagua kwa sababu hiyo. Alizipeleleza mwenyewe."

"Si nilisimama mimi? Nilisimama ili asione aibu! Watu watasema mtoto hana mtu."

"Waseme."

"Wewe ndiyo huyo. Waseme, waseme. Unajifungia na mashine yako, hujui watu wanasema nini." Akatazama beseni, jina la mtoto limekatika vipande vipande, herufi moja imelalia kisu. Akavuta kiti akakaa na kuanza kulia. Sijui kama aliililia keki au alimlilia wifi yake. Walikuwa wanapendana sana. Walishonesha sare kila Pasaka, na marehemu ndiye aliyekuwa mtu pekee wa kumwambia dada anyamaze na akanyamaza. Nikamwachia khanga iliyokuwa mlangoni ajifute, nikachukua beseni nikatoka.

Nje niliweka beseni kando ya sinia. Nikasema, na ndiyo hotuba pekee niliyotoa siku ile: "Kila mtu achukue yake." Watoto hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mama mmoja alianza kuuliza, "Sasa hatumwimbii?" lakini mdomo wake ulikuwa umejaa, na walipokuja kuimba baadaye waliimba hovyo, wengine wakitafuna, wimbo ukafa katikati.

Mwanangu aliangalia kwanza ndani ya beseni. Akahakikisha ni vipande. Ndipo akachukua keki yake ndogo, ile nyekundu, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango pamoja na yule wa geti, wakala wakigombania nafasi yenye jua.

Mimi nilikula yangu nimesimama. Ilikuwa mbaya. Redi velveti ni rangi tu, sasa nina uhakika. Keki ya dada, hata ikiwa imechinjwa vile, ilikuwa tamu kuizidi mara nyingi, na watoto walilimaliza beseni wakakwangua. Anayeniuliza kama kapkeki zinafaa kwa mzazi wa kipato changu namwambia hazifai, anunue mkate. Na mwanangu akizitaka tena nitakwenda tena kusimama mbele ya kaunta ile.

Jioni wageni walipoondoka tulikuwa tunakusanya vikombe vya karatasi uani kabla upepo haujavipeleka kwa majirani. Dada alikuwa ameondoka bila kuaga.

"Shangazi amekasirika?" mtoto akaniuliza.

"Amekasirika."

"Sana?"

"Sana."

Akaokota kikombe kingine. Kisha akaniambia tumwekee moja, kuna mtoto hakuja, keki yake imebaki, na kwamba yeye mwenyewe atampelekea dukani kesho akitoka shule. "Nitaiweka kaunta," akasema. "Atakula mwenyewe."